Soko Huria Nyuma ya Mabati

Jumatatu, 2 Oktoba 1995

Mtumbwi umekamilika. Fundi amepigilia msumari wa mwisho, ameziba viungo kwa pamba, amekunywa chai yangu na kuondoka. Ubavuni nimeandika jina kwa mkono wangu: SOKO HURIA. Mzuri kupita kiasi. Una kasoro moja tu. Hauna njia ya kwenda ziwani.

Nilipompa fundi mbao, njia ilikuwepo. Alipomaliza, haikuwepo. Katikati hapo amekuja tajiri mmoja anayetaka kujenga hoteli, akazungushia mabati ufuko mzima wa Mawe Mawili, kutoka jiwe la kwanza hadi la pili. Ameacha geti moja. Na getini amemweka nani? Chenge. Yule yule Chenge niliyekuwa naye idara ya rangi kule kiwandani Nyakato, tukapunguzwa kazi siku moja, kwa tangazo moja. Leo ana kofia na rungu. Namsalimia, ananiuliza nina shida gani.

Nikamweleza shida. Akasema tajiri amekataza, nizunguke. Kuzunguka ni kupita kwenye majabali ambako hata pimbi hapiti bila kushauriana na mwenzake.

Teodora alisikia yote. Mke wangu hapigi kelele, ndiyo maana namwogopa. Amesema kaka yake, shemeji Rwehumbiza, ametuma tena salamu kutoka Bukoba. Nyumba ya uani iko tupu na kahawa ina magugu. Mtumbwi usipogusa maji kabla ya giza la mwezi huu, mwezi unapofifia na dagaa wanapoanza kufuata taa, basi tunahamia huko.

Mimi, Mayala, mwanaume wa Kisukuma, nikakae ukweni. Nipalilie kahawa ya shemeji, na kila asubuhi nimpe mama mkwe shikamoo nikiwa nimeshika jembe lake. Haiwezekani. Mtumbwi utaingia ziwani. Nimeapa.

Jumatano, 4 Oktoba

Nimekwenda ofisi ya kata. Nimevaa shati la kanisani. Karani amenipokea vizuri, akanihakikishia kwamba ufuko ni mali ya umma na hakuna tajiri awezaye kuumiliki. Nikamshukuru, nikamwomba aje amwambie Chenge maneno hayo hayo. Akasema hilo ni jambo jingine. Ufuko ni wa umma, ila njia ya kwenda ufukoni haimo kwenye ramani. Kwa hiyo ufuko ni wetu sote, tunachokosa ni kuufikia. Kama mbinguni.

Wakati wa kurudi nikapita kwa Chenge. Nimejaribu undugu. Nimemkumbusha jinsi nilivyomfunika alipolala zamu, msimamizi akanikuta namwimbia ili kukoroma kwake kusisikike. Akasema anakumbuka na anashukuru, na kwamba kazi ni kazi. Nikamwambia hana utu. Akasema utu hauna mshahara.

Ijumaa, 6 Oktoba

Jua kali. Mbao zimeanza kuachana. Nimetia kidole kwenye ufa, kikaingia hadi kwenye kucha. Fundi ametuma neno kwamba mtumbwi usiolowa hufa, niumwagie maji asubuhi na jioni.

Basi ndiyo kazi yangu. Nabeba ndoo kutoka bombani, naunywesha mtumbwi, huku ziwa zima linameremeta nyuma ya mabati. Majirani wanatoka na vigoda kunitazama. Mmoja aliuliza kama umeanza kuota mizizi. Chenge akanipigia makofi kutoka getini. Cheka tu, ndugu yangu. Cheka.

Ila Mungu hamtupi mja wake. Nikiwa na ndoo ya nne au ya tano, redio ya jirani ikatangaza habari za uchaguzi. Vyama vingi, mara ya kwanza kwa umri wetu huu wa utu uzima. Mtangazaji akasema hakuna ruhusa ya mtu yeyote kumzuia mwananchi kufika kwenye kituo cha kura. Mtu yeyote! Ndoo ikanianguka.

Mawe Mawili pakiwa kituo cha kura, geti litafunguliwa. Na atakayelishika lisijifunge kwa upepo ni Chenge mwenyewe. Kinachotakiwa ni kibao.

Jumamosi, 7 Oktoba

Nimekwenda kwa Yeremia, yule anayechora vibao vya vinyozi na maduka. Nimemnong'oneza maneno matatu ya kuandika, mara mbili, ili asikosee. Akauliza achore na picha gani. Nikamwambia achore picha ambayo hata asiyejua kusoma akiitazama ataelewa aje hapo kufanya nini. Akasema hiyo rahisi.

Kibao atakisimamisha mwenyewe kesho, watu wakiwa ibadani. Mimi nitakuwa kanisani, benchi la mbele, padri anione. Akija mtu kuuliza nani kaweka, nina shahidi mwenye kanzu. Mpango huu hauna tundu. Teodora ameniuliza kwa nini nacheka peke yangu. Nimemwambia nafurahia ndoa.

Jumapili, 8 Oktoba

Ee Mungu wangu.

Nimetoka kanisani nikakuta umati getini. Watu wana sahani. Wengine wana masufuria. Mzee mmoja kaja na wajukuu wake wote. Nikajipenyeza hadi mbele, nikakiona kibao. Herufi nyekundu, safi kabisa: KITUO CHA KULA. Chini yake picha ya ugali na sato mzima, mvuke unafuka.

Nimemkimbilia Yeremia. Nikamwambia nilisema kura. Akaniomba nitamke tena. Nikatamka. Akasema hicho ndicho alichoandika. Nikatamka kwa nguvu zaidi. Akasema naam, ndicho. Nikamleta Teodora aamue, maana yeye ni Mhaya na herufi hiyo amezaliwa nayo. Teodora akasema sisi Wasukuma tumekuwa tukienda kupiga kula tangu alipotufahamu, na alidhani tunajua. Kisha akaniuliza kibao ni cha nini. Nikasema sijui.

Mabaya zaidi ni haya. Chenge amekisoma kibao, akaona kinaeleweka. Tajiri anajenga hoteli, hotelini watu hula, basi tajiri kaamua kuanza mapema. Akafungua geti. Geti nililoliombea kwa lugha zote, limefunguliwa na sahani!

Mama Jovina, yule mama ntilie aliyefukuzwa stendi, akaingia wa kwanza na mafiga yake. Benchi hapa, jiko pale, samaki wanatoka ziwani mbele ya macho. Nikakimbia kutafuta wanaume wa kubeba mtumbwi. Wanaume wote wa mtaa nimewakuta wameketi kwa Jovina. Walisema watabeba wakishamaliza kula. Wakamaliza, wakasema mtu hanyanyui kitu kizito akiwa ameshiba.

Mimi Mayala, niliyepewa jina ambalo kwa Kisukuma ni njaa, nimewalisha watu wa Mawe Mawili wote, halafu sikupata hata kichwa cha samaki.

Jumanne, 10 Oktoba

Mama ntilie sasa ni wengi. Mabenchi yamejaa toka getini hadi majini. Wavuvi wa visiwani wamesikia kuna walaji, wanashusha samaki hapo hapo. Mitumbwi ya kila mtu iko Mawe Mawili. Wangu uko kwangu, unakunywa maji ya bomba.

Tajiri alikuja na gari lake. Nilikaa tayari kushuhudia Chenge akifukuzwa. Tajiri akafoka kidogo, akapewa sahani, akanyamaza. Alipomaliza alisema anayekuja kula apite, mwingine asipite. Nikamuuliza Chenge kuhusu mtumbwi. Akataka kujua kama mtumbwi unakula.

Nikamwendea Jovina, nikamwamuru asogeze mabenchi. Akajibu kwamba ataamrishwa na mumewe, naye ni marehemu.

Alhamisi, 12 Oktoba

Teodora amekwenda kwa Jovina bila kuniaga. Wamesalimiana Kihaya, wakakuta wanatoka vijiji vinavyopakana. Amerudi na habari. Jumamosi asubuhi, kabla ya chai, kina mama watasogeza mabenchi, walaji watabeba mtumbwi, na Chenge atafumba macho kwa sababu amekuwa akila bure. Amenitaka nifanye jambo moja tu, yaani nisifanye jambo lolote.

Nimemkubalia. Ila nimewaza sana. Mtumbwi wangu, jasho langu, halafu uingie ziwani kwa hisani ya mama ntilie? Na wakibadili nia je? Mwanaume makini huwa na mpango wa akiba. Nimekwenda kwa bwana afya wa mjini, nikamnong'oneza kwamba Mawe Mawili watu wanakula pasipo na choo. Aje awaondoe kina mama, mabenchi yatoke, njia ibaki nyeupe. Akasema atapanga siku.

Jumamosi, 14 Oktoba

Amepanga leo.

Asubuhi kila kitu kilikwenda kama alivyosema Teodora. Mabenchi yakasogezwa. Wanaume wakabeba mtumbwi wangu mabegani, wakaimba, wakapita getini. Chenge akatazama mawingu. Machozi yalinilenga, sioni aibu kuyaandika. Nikabaki nyuma kidogo kumwonyesha Chenge jinsi ninavyoingia bila ruhusa yake. Ndipo bwana afya akafika. Na mgambo gari zima.

Akaniita mlalamikaji, kwa sauti, mbele za watu. Akanishukuru kwa uzalendo. Nikajaribu kusema simjui. Chenge akasikia. Wabebaji wakasikia, wakautua mtumbwi mchangani na kusimama mikono kiunoni. Jovina pia akasikia. Sijawahi kutazamwa vile na watu wenye miiko.

Bwana afya akafunga ufuko mpaka choo kijengwe. Akaamuru kila mtu atoke. Mgambo wakajipanga getini, na sisi sote tunajua sufuria likipita mikononi mwa mgambo halirudi. Kina mama wakatazama geti. Wakatazama ziwa. Kati yao na maji palikuwa na kitu kimoja, SOKO HURIA.

Teodora ndiye aliyesema wapakie. Masufuria, mafiga, gunia la unga, Jovina, yeye mwenyewe na kanga yake kiunoni. Wavuvi wakasukuma. Mtumbwi wangu ukaingia ziwani bila kuvuja tone, ukapinda nyuma ya jiwe la pili ukapotea. Mimi nilikuwa nje ya mabati. Nimeuona kupitia tundu la msumari. Nimelia waziwazi, na mgambo mmoja akaniuliza kama nimefiwa.

Jumanne, 17 Oktoba

Teodora ananisemesha tena. Anarudi nyumbani akinuka moshi na samaki, anaimba. Wamehamia ufuko mdogo nyuma ya majabali, mahali pasipo na mwenyewe, na SOKO HURIA unavusha walaji asubuhi hadi jioni. Giza la mwezi likianza, mdogo wake Jovina atautoa na karabai kwenda kwenye dagaa. Nafasi yangu ipo. Nitakaa nyuma na kopo, nichote maji yakiingia.

Shemeji amejibiwa kwamba hatuendi Bukoba. Mtumbwi umegusa maji kabla ya giza, ahadi ni ahadi. Nimemkumbusha Teodora kwamba bila bwana afya wangu jambo hili lisingewezekana. Ameniomba nisirudie sentensi hiyo mbele ya Jovina.

Leo nimeuona huo ufuko kwa mara ya kwanza. Mchanga mzuri, maji yametulia. Lakini nimeshtuka. Hakuna uzio. Hakuna mlinzi. Watu wanaingia na kutoka wanavyotaka, wanashusha mitumbwi yao ovyo, hakuna wa kuwauliza wana shida gani. Haifai kabisa. Chenge hana kazi tangu ufuko ufungwe Jumamosi, na mtu mwenye uzoefu wake asikae bure. Tumekubaliana. Kesho asubuhi tunakwenda kuangalia mabati.