Taarifa ya Kamati ya Picha ya Droni

Kwa heshima na taadhima, Idara ya Miradi Iliyokamilika inautangazia umma kwamba zoezi la kuchagua mtambo wa kurushia picha za droni limefanyika kwa mafanikio makubwa. Mimi nilikuwa katibu wa kamati, kwa hiyo nasema ninachokijua.

Chanzo ni barua. Mheshimiwa mmoja wa makao makuu alitaka kuliona lambo la kijiji fulani huko Chemba, moja kwa moja kutoka angani. Lambo hilo tuliliripoti kukamilika mwaka juzi. Pale kijijini lilikuwa na tuta la udongo upande mmoja tu, na ng'ombe walikuwa bado wanatembea nusu siku kufuata maji. Lakini taarifa ilikwisha kusainiwa, na taarifa iliyosainiwa haiwezi kurudishwa nyuma kwa sababu ya ng'ombe.

Mtaalamu wetu, Restuta, alituletea mitambo miwili mezani. Wa kwanza, alieleza, ni wa kidijitali. Picha yake inang'aa, hata mbuzi unawahesabu. Wa pili ni wa kizamani. Huo ukiwa mbali kidogo, au ukikingwa na kilima, picha inajaa chenga. Akashauri tuchukue wa kwanza.

"Hizo chenga," Mwenyekiti Ebenezer akauliza, "zinaweza kuficha kitu cha ukubwa gani?"

"Hata mlima, mzee."

Kamati ilikaa siku tatu. Tulizichambua chenga kitaalamu, tukajiridhisha kwamba zina tija, tukapitisha mtambo wa pili kwa kauli moja. Restuta aliomba maoni yake yaingie kwenye muhtasari. Niliyaandika kwa penseli.

Siku ya ziara tulisimamisha hema na runinga nyuma ya kilima, kilomita mbili kutoka lamboni. Restuta alibaki kule kuirusha droni. Chenga zilikuja safi sana. Mwenyekiti alionyesha kwa fimbo: hapa maji, pale maji zaidi. Mheshimiwa aliitikia kwa kichwa, nami nikaanza kuandika pongezi.

Hapo akafika Bibi Penina, mfugaji wa kijijini. Mheshimiwa akampa shikamoo. Bibi akasema ugali wa uwele na mlenda viko tayari nyumbani kwake. Mwenyekiti akamweleza kwamba ratiba hairuhusu, lakini Mheshimiwa alikuwa amekwisha kusimama. Mama akishapika, unakwenda. Na kwa kuwa itifaki haitaki mgeni rasmi akose picha hata dakika moja, mimi mwenyewe niliagiza runinga, mtambo na jenereta vipakiwe garini vimfuate.

Nyumba ya Bibi Penina iko jirani kabisa na lile tuta. Tulipowasha runinga, chenga zote zilikuwa zimeondoka. Nakiri kwa uchungu kwamba picha ilikuwa nzuri. Zilionekana nguzo za magoli, na vijana ishirini na wawili wakicheza mpira katikati ya lambo.

Mheshimiwa alimega ugali, akatazama kama dakika tano.

"Nani anaongoza?"

"Wa kwetu, mbili kwa moja," Bibi Penina akajibu. "Ila mimi, mwanangu, ningependa maji. Kiangazi hiki nimepoteza ng'ombe watatu."

Mheshimiwa akanawa mikono. Hakufoka. Alisema tu kwamba kamati ya miradi iliyokamilika haitarudi mjini mpaka mradi ukamilike. Kisha akamkabidhi Restuta kazi ya kumrushia picha ofisini kila siku, kwa mtambo ule wa kidijitali alioushauri mwenyewe, kupitia mtandao.

Hii ni wiki ya tano. Lambo linachimbika, na Mwenyekiti anashika sururu vizuri kuliko alivyowahi kushika kalamu. Bibi Penina anatupikia na kutucheka kwa zamu. Leo asubuhi niliketi kidogo kivulini niikamilishe taarifa hii. Sikufika mwisho wa sentensi, simu ikaita. Alikuwa Mheshimiwa, anauliza jembe langu liko wapi.