Soseji za Saba Saba

Alhamisi, 4 Julai 1974

Ukungu tangu alfajiri. Nimeota soseji tena. Tangu yule Mzungu niliyempikia kule Kwai afunge mizigo akaenda zake, sijatia moja mdomoni. Zile nene za kuchoma, zinazopasuka zenyewe. Zile nyembamba za kuchemsha, zinazolazwa ndani ya mkate kwa haradali. Nimezitamani hadi ugali ukanishinda.

Ila kijiji kinachinja ng'ombe wa Saba Saba. Nimemwambia mwenyekiti Hezekia kwamba nyama ikiwa soseji inaenea kaya zote. Amekubali! Efrazia, yule mjane, amesema atakuja kuonja. Amesema mwenyewe, sikumlazimisha.

Jumamosi, 6 Julai

Rajabu, Mwislamu, amechinja, kama kawaida, ili watu wa dini zote waweze kula. Utumbo ni wa wanawake, mwanamume hauombi. Nimeuomba. Wamenicheka hadi mtoni. Efrazia akanionyesha namna ya kuugeuza ndani nje, mikono yetu ikiwa kwenye maji ya baridi. Sijawahi kufurahia utumbo kiasi kile.

Nyama, kitunguu saumu, pilipili manga. Nimejaza kwa faneli ya mafuta ya taa (nimeiosha). Zimechemshwa kwenye sufuria ya jirani yangu Mwanahawa, Mwislamu pia, sasa zinaning'inia kwenye moshi jikoni kwake. Nzuri, jamani!

Tatizo: kaya ni nyingi. Kila mtu atapata kipande cha kidole gumba. Nimesubiri miaka yote hii kwa ajili ya kidole gumba? Basi nikamnong'oneza Rajabu, kirafiki tu, kwamba kwa Wazungu soseji haiwi soseji bila mafuta ya nguruwe. Sikusema hizi zimetiwa. Nusu ya kijiji wakisusa, mimi na Efrazia tutakula nzima nzima.

Jumapili, 7 Julai

Wamesusa. Ila si kwa namna niliyotarajia. Mwanahawa analilia sufuria yake, eti imetiwa najisi. Nikaapa mbele ya mkutano kwamba ni ng'ombe mtupu. Rajabu akauliza jana nilimnong'oneza nini. Nikaanza kueleza desturi za Wazungu. Hezekia akanikatiza: kwa ajili ya amani ya kijiji, zifukiwe zote.

Walutheri wenzangu hawakunitetea. Walikuwa wameshaanza kumeza mate, sasa wamenikasirikia. Kapu nimelibeba mwenyewe. Zilikuwa bado na joto. Nimechimba, nimelia, nimefukia. Kisha nikasugua sufuria kwa udongo mpaka Mwanahawa akasema basi.

Jumatatu, 8 Julai

Efrazia amepita. Aliuliza zingekuwa na ladha gani. Nikamweleza ngozi inavyokatika kwenye jino, mafuta yanavyotoka yakiwa ya moto. Alisikiliza macho yamefumbwa. Halafu akasema yeye angeridhika hata na kipande cha kidole gumba, akaenda zake.

Amesema kweli. Tamaa mbele, mauti nyuma. Lazima mtu ajifunze.

Kijiji cha Bungu wanachinja Jumamosi. Nimeshawapelekea habari kwamba fundi wa soseji yupo tayari. Pia kwamba ng'ombe wa huko, nasikia, wana minyoo, na wenye hofu wasijilazimishe kula.