Plastiki Nene ya Mama

Jumatatu, 2 Machi

Ubalozini tangu asubuhi. Masaa matatu kwenye benchi. Ikaitwa namba yangu, nikasimama kifua mbele, nikapitisha cheti changu cha kuzaliwa chini ya kioo. Mama wa dirisha la tatu hakukisoma hata. Alikigonga kwa ukucha, ko ko ko, akakirudisha. Kina plastiki! Cheti chenye plastiki hakigongwi muhuri, alisema, wino unateleza. Na bila muhuri wa ubalozi, ofisi ya ndoa ya huku ugenini haitaki hata kukiona.

Harusi ni Jumamosi tarehe 28. Karatasi zote zinatakiwa kufikia Jumatano tarehe 25, la sivyo nafasi yetu anapewa mwingine, na nyingine ni Septemba. Mama mkwe keshakata tiketi.

Plastiki aliiweka mama mwaka niliposafiri, mende wasije wakakila. Yule wa dirishani akasema nimwombe ndugu nyumbani achukue nakala mpya, siku kumi tu. Ndugu wa kazi hiyo ni dada peke yake. Dada atanicheka mpaka nifike uzeeni. Asante, sitaki. Nimemwambia mchumba mambo yanakwenda vizuri.

Jumanne, 3 Machi

Jirani wa ghorofa ya juu ni mtu wa kwetu. Tunamwita Bwana Faili. Hata risiti za mkate anazitoboa na kuzipanga kwa tarehe. Kanikuta kwenye ngazi, kauliza habari za cheti, kasema yaleyale: mpigie dada. Kwani nilimwomba ushauri? Yule ana bahati tu, na faili za rangi.

Mimi nina akili. Jana lilikuwa dirisha la tatu. Kesho naenda la tano.

Jumatano, 4 Machi

Dirisha la tano alikaa mama yuleyule. Kumbe wanazunguka! Safari hii alinisalimia kwa jina.

Alhamisi, 5 Machi

Mwenye ujuzi wake haombi msaada. Miaka tisa napiga pasi kwenye duka la dobi. Hariri, sufu, shela za maharusi, hakuna kilichonishinda. Plastiki iligandishwa kwa joto, basi kwa joto itabanduka. Mapumziko ya mchana nikafunga mlango wa chumba cha pasi, nikatandika kitambaa chenye unyevu, nikavuta pumzi.

Kona ya kwanza ilitoka kama ganda la ndizi. Nikacheka peke yangu. Kona ya pili ikatoka na jina la baba. Nikaongeza moto kidogo. Ikatoka na jina langu, mahali nilipozaliwa na nusu ya nembo ya taifa. Kilichobaki ni tarehe na jinsia. Kwa mujibu wa serikali, sasa mimi ni mwanamume fulani aliyezaliwa siku fulani. Meneja akaja kuuliza nani anachoma ndala.

Ijumaa, 6 Machi

Mchumba ni fundi cherehani, duka la tatu kutoka letu. Leo ameomba kukiona cheti. Nikasema kiko ubalozini. Akasema sawa, akaendelea kupinda gauni lake mwenyewe la harusi. Sijawahi kuuchukia uongo wangu kama leo.

Kwenye ngazi, Bwana Faili kasema nanuka plastiki. Haraka haraka haina baraka, kasema. Nikamjibu kwamba kwa dobi haraka ndiyo kazi. Nimeingia ndani, nimefunga mlango.

Jumapili, 8 Machi

Nimekiri. Nimemwonyesha mchumba mabaki ndani ya bahasha. Aliyatazama. Akasema cheti kuungua si neno, lakini wiki nzima nimemtazama usoni nikimdanganya, na kama nataka kuwa mume afadhali nianze leo. Niliona aibu mpaka masikioni. Kisha akachukua simu yangu, akampigia dada mwenyewe. Wifi yake mtarajiwa akacheka dakika nzima, nilihesabu. Halafu akasema kesho atakuwa kwenye foleni kabla ofisi haijafunguliwa.

Mama akaomba simu. Aliuliza kama ile plastiki ilikuwa nzuri. Alichagua nene, alisema, kwa sababu mtoto wake alikuwa anakwenda mbali. Nikasema ilikuwa imara sana. Hilo angalau ni kweli.

Jumatano, 18 Machi

Dada kakipata! Siku tisa. Tatizo ni kukileta. Msafiri pekee wa wiki hii ni binamu yake Bwana Faili, anafika Jumamosi. Nimemeza mate, nimepanda ngazi. Nilibeba na mashati yake matano niliyompigia pasi. Hakunisuta. Kafungua faili la kijani, kaandika jina langu juu. Alivyotabasamu sikupenda, lakini nimemshukuru mara tatu.

Jumatatu, 23 Machi

Kimegongwa muhuri! Mama wa dirishani (leo la pili) kanikabidhi kwa mikono miwili, kasema nisikitie plastiki. Akarudia, utadhani mimi sisikii. Mchana ofisi ya ndoa wamepokea kila kitu, siku mbili kabla.

Jumamosi, 28 Machi

Nimeoa! Gauni lake, pasi yangu: hakuna mkunjo hata mmoja. Mama mkwe alilia. Bwana Faili alitia saini ya shahidi kwa kalamu yake mwenyewe. Mama na dada walikuwa kwenye simu iliyoegemezwa kwenye chupa ya maua, wakapiga vigelegele mpaka msajili akaacha kusoma. Nilifurahi hadi nikasahau kula.

Jumatatu, 30 Machi

Mke wangu (mke wangu!) kaniachia hati ya ndoa niitunze. Alhamisi tunaipeleka ubalozini igongwe muhuri, ili naye apate karatasi za kwetu na Desemba twende kumwona mama. Hati yenyewe nyepesi mno. Mvua imenyesha, bahasha ikalowa kona, moyo ukanipasuka. Steshenari iko mkabala na duka letu. Nikamkumbuka mama, nikaomba ile nene. Inang'aa! Nimeitundika ukutani mke wangu aikute akirudi. Ndipo nikakumbuka Alhamisi.

Si neno. Kazini wameleta pasi mpya, ina vipimo sita vya joto. Mara ile kosa lilikuwa moto tu. Kesho mapumziko ya mchana nitaanza na kipimo cha kwanza, taratibu. Hati nimeshaiteremsha ukutani. Mke wangu sina haja ya kumsumbua kwa jambo dogo kama hili.