Mistari ya Nguzo ya Daraja

Jumatatu, 7 Aprili
Nimepata kazi ya manispaa! Mimi, mchora mabango niliyechoka kuandika "Usitupe Taka Hapa". Mto wetu hushuka mbio kutoka milimani, na mji umejengwa hadi kingoni. Kwa hiyo nguzo ya daraja ina mistari miwili: maji yakifika wa njano, watu wajiandae, yakifika mwekundu, wahame. Imefifia. Mhandisi ameniagiza nifuate alama za zamani. Nimemwambia asiwe na shaka.

Shaka ninayo mimi. Nina chumba cha kupangisha kule bondeni, kitupu tangu mwaka jana. Kila mpangaji huja, hutazama maji yalivyo karibu na mstari mwekundu, huaga kwa heshima. Wazo limenijia.

Jumanne, 8 Aprili
Nimepandisha mistari yote miwili. Kwa urefu wa mkono mmoja tu, si dhambi kubwa. Mto sasa unaonekana mpole kabisa.

Mlinzi wa daraja, tunayemwita Filimbi kwa sababu ndiyo kazi yake hatari ikija, aliniuliza mbona nimepanda ngazi juu hivyo. Nikamjibu rangi ina wenyewe. Sijamsamehe tangu aseme simba niliyemchora buchani ni mbuzi mwenye homa.

Alhamisi, 10 Aprili
Chumba kimepata mtu. Mama mkwe. Mke wangu anasema mama yake ameona mstari ulivyo mbali na maji, hofu ikamtoka. Amehamia na godoro na cherehani. Kodi ni dua.

Siwezi kumkataza. Nikisema chumba si salama, nitaulizwa nimejuaje.

Ijumaa, 11 Aprili
Huku kwetu jua, kule milimani mvua tangu alfajiri, na mto ukaanza kupanda. Nikamwomba mama mkwe aje kututembelea. Akasema anamalizia gauni la mtu. Nikaenda kwa mhandisi kutafuta namna ya kumwambia bila kumwambia. Alikuwa ametoka kula. Nikakaa kwenye benchi saa nzima kama mgonjwa.

Niliporudi, maji yalikuwa yamefika kwenye njano yangu. Yaani yalishapita njano ya kweli zamani. Nikakimbia. Mlango wazi, maji ya kahawia yamefika dirishani, godoro linaelea. Nikaita mama, mama, mpaka sauti ikakauka. Nikalia. Naandika hivyo na sioni haya. Nilijua nimemuua kwa brashi.

Ndipo Filimbi akapaza sauti kutoka darajani: nitoke humo, watu wote wako shule ya kilimani, alipuliza filimbi saa nzima iliyopita, mimi nilikuwa wapi? Nikamuuliza amejuaje, na maji hayajafika mwekundu. Akasema yeye hatazami rangi. Hutazama lile jiwe la kufulia nguo. Likizama, anapuliza.

Mama mkwe nimemkuta shuleni, anashona. Cherehani kaibeba Filimbi mwenyewe. Nikamshika mama mikono yote miwili. Akauliza mbona macho mekundu. Nikasema moshi. Mungu ni mkubwa, hakuna aliyekufa, hata kuku.

Jumapili, 13 Aprili
Mhandisi amekuja kupima. Nimemweleza kwamba ngazi ilikuwa na utelezi. Akaagiza nirudie kazi. Filimbi angeweza kunimaliza kwa neno moja, lakini alisema tu kwamba na jiwe lipakwe rangi. Ni mtu mwema. Inaniudhi.

Nimeapa mbele ya mke wangu: ujanja basi. Nimelala mchana usingizi mzito, wa kwanza wiki nzima.

Kesho napaka mistari upya, Filimbi akisimamia kwa futi kamba. Nimeamka nikiwaza jambo dogo. Mistari ikishuka kidogo tu, kila wingu likitanda watu watatafuta pa kujihifadhi, hata kwa kulipa, na sebule yetu iko juu, pakavu, ina nafasi. Ncha ya chini ya futi kamba atashika yeye. Ya juu nitashika mimi.