Nusu Sentimita ya Mke Wangu

Kwa Ndugu Mwenyekiti,
Chama cha Soka la Mezani.

KUH: KUPINGA MATOKEO YA FAINALI, PAMOJA NA MAMBO MENGINE YALIYOJITOKEZA NILIPOKUWA NIKIANDIKA

Ndugu Mwenyekiti,

Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya, umepumzika, na umeketi. Mimi ni mzima wa mwili tu. Ni yule fundi wa meno ya bandia, mwenye chumba cha nyuma pale zahanati ya meno. Ndimi mmiliki, kocha na mchongaji wa Vibogoyo, timu ya sanamu kumi na moja zenye urefu wa kidole gumba. Jumapili iliyopita timu hiyo ilifika fainali kwa mara ya kwanza katika miaka tisa, ikanyang'anywa kombe mbele ya watu arobaini na wawili, bila kumhesabu mlinzi wa ukumbi ambaye alikuwa amelala.

Najua utaniambia kuwa asiyekubali kushindwa si mshindani. Methali hiyo naiheshimu, na kinyozi aliyenishinda ameshanitumia kwenye simu mara tatu. Lakini aliyeitunga hakuwahi kupoteza fainali kwa nusu sentimita. Kwa heshima zote, basi, nayaweka malalamiko yangu mbele yako moja baada ya jingine.

1. Utepe. Kanuni zetu, ulizoziandika wewe mwenyewe kwa mwandiko wako wa mpima ardhi, ziko wazi. Kila nukta ya dadu ni sentimita mbili. Ukipata sita, mchezaji wako anakimbia sentimita kumi na mbili, na akiufikia mpira ndani ya boksi, ni goli. Miaka yote tumepima kwa tepu ya chuma ya chama. Mwaka huu mwamuzi alikuja na utepe wake wa kushonea, akadai kwamba chuma hukwaruza rangi za wachezaji, nawe ukaitikia kwa kichwa. Mwamuzi huyo ni fundi cherehani. Utepe wake umezungushwa viunoni mwa watu kwa miaka kumi na sita, kikiwemo kiuno kimoja ambacho kwa adabu sikitaji, ila mwenye nacho ndiye anayesoma barua hii. Umevutwa mpaka umevutika. Jumatatu asubuhi niliulaza juu ya rula ya chuma ya kazini kwangu, nikaona mwenyewe. Sentimita zake kumi na mbili ni kumi na mbili na nusu za dunia hii.

Sasa kumbuka dakika ya mwisho. Tulikuwa bao moja kwa moja. Kinyozi akarusha dadu, ikaja sita. Mshambuliaji wake, yule anayemwita Mkasi, alikuwa mbali na mpira. Mwamuzi akakunjua utepe, akainama, akasema kumi na mbili kamili, goli. Kwa chuma, Mkasi angeishia nusu sentimita kabla ya mpira, mguu hewani, mbele ya golikipa wangu Pengo, ambaye kwa mara ya kwanza maishani mwake alikuwa amesimama mahali panapotakiwa.

2. Mwamuzi. Hapa naandika kwa uchungu, kwa kuwa mwamuzi ni mke wangu. Sikumchagua mimi. Yaani, kama mke nilimchagua; kama mwamuzi aliteuliwa na kamati yako. Niliposimama kukata rufaa, huku wateja wangu wakitazama, aliniambia, na hapa nanukuu: "Kaa chini wewe, unawazibia watu mwanga." Nikakaa. Tangu siku hiyo hajavua cheo hata nyumbani. Jumanne nilisahau taulo bichi kitandani, akanionyesha kadi ya njano. Simaanishi kwamba alinifokea. Namaanisha kadi yenyewe, anayo kwenye pochi.

Nilipomwekea rula na utepe mezani, kwa utaratibu na ushahidi, alinijibu na pini mdomoni kwamba nguo hupimwa na kukatwa kwa utepe uleule, na kwamba hakuna mteja aliyewahi kurudisha suruali. Utepe mmoja kwa wote, akasema, ndiyo haki yenyewe. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nguo zangu zote anashona yeye.

3. Kinyozi. Huyu ni rafiki yangu tangu hatujawa wapinzani, na asubuhi ya fainali nilikwenda kwake kunyolewa ili niingie ukumbini kama mtu. Upande wa kulia alininyoa vizuri kabisa. Alipofika wa kushoto akakumbuka kwamba anatakiwa kwenda kupanga timu yake, akafunga duka. Nimecheza fainali, Ndugu Mwenyekiti, nikiwa nimenyolewa nusu. Kila nilipoinama kupanga mabeki, watazamaji wa kushoto walicheka, na wa kulia wakawa wanauliza kuna nini. Isitoshe, mtu huyu anaongea. Aliongea nikifikiri, akaongea nikirusha dadu, akanisimulia ugonjwa wa mgongo wa jirani yake mpaka nikamhurumia jirani, nikasahau kumkaba Mkasi. Kanuni zetu zinakataza kupuliza meza. Hazisemi lolote juu ya mgongo wa jirani, na hilo ni pengo.

4. Heshima ya wachezaji wangu. Wenzangu wananunua timu zilizokamilika, zenye misuli mpaka shingoni. Mimi wangu nimewachonga kwa ile plastiki ya waridi tunayotengenezea fizi, mmoja mmoja, na wote wanatabasamu bila jino hata moja. Nawapenda hivyohivyo. Nimeshauriwa mara nyingi nibadilishe timu, na mara zote nimewaambia washauri waanze wao kubadilisha watoto wao. Rangi hiyo ya waridi si sababu ya ukumbi mzima kuimba "fizi, fizi" kila beki wangu Gego anapopanda mbele. Na lile suala la mwalimu mstaafu aliyesimama katikati ya nusu fainali, kiganja mdomoni, akatangaza kwamba anasubiri meno yake wiki ya tano sasa na kwamba beki wangu wa kulia ndiyo meno yake, nalikanusha kabisa. Beki wa kulia ametokana na mabaki. Meno ya mwalimu yalichelewa kwa sababu nyingine, nayo ni kwamba nilikuwa nampaka rangi beki wa kushoto.

5. Jambo hili ni kubwa kuliko soka. Hapa naomba uendelee kuketi. Mimi na mke wangu tulikutana kwa utepe huuhuu. Miaka kumi na mmoja iliyopita nilikwenda kushonewa suti ya harusi ya kaka yangu. Akanipima mabega, akatamka kwa sauti mbele ya wateja wawili: arobaini na nne. Jana nimepimwa kwa chuma na daktari wa zahanati, shahidi yupo, nimeambiwa karibu arobaini na sita. Maana yake ni kwamba mwanamke huyu alikubali posa ya mtu mwembamba kuliko mimi. Ameishi miaka yote hii na sentimita mbili asizozijua. Je, ndoa ya namna hiyo imesimama? Siombi chama kiivunje. Naomba kitoe mwongozo.

Tena si sisi tu. Fikiria watu wote waliovaa nguo za fundi huyu wakaenda kwenye usaili wa kazi, wakaenda mahakamani, wakaenda kuposa. Wote wamejitokeza mbele ya wakubwa wakiwa na vipimo vya uongo mwilini. Inawezekana kabisa, Ndugu Mwenyekiti, kwamba hata wewe ulichaguliwa ukiwa umevaa suruali yenye mgogoro.

Nitasema bila kuzunguka: nililitaka kombe lile. Miaka minane mfululizo nimetolewa raundi ya kwanza, Jumamosi, kabla hata jua halijageuka, nikarudi nyumbani na timu yangu kwapani kwenye boksi la viatu. Wanaonijua hawaniulizi tena matokeo, wananipa pole moja kwa moja. Jumapili ile, kwa dakika hamsini na tisa, nilikuwa mtu wa fainali. Mtoto wa fundi baiskeli aliniomba nimwekee sahihi kwenye daftari la hesabu. Halafu nikashindwa kwa kitambaa. Inaniuma, na sioni haya kuandika kwamba inaniuma.

Kwa hiyo naomba fainali irudiwe. Naomba kombe, lile alilotengeneza fundi bomba kwa kiungio cha shaba, liondolewe dirishani mwa kinyozi, ambako sasa hivi limewekwa kati ya poda na vitana. Naomba mwamuzi asimamishwe kwa miaka miwili. Adhabu hiyo ihusu mashindano peke yake, maana nyumbani sina mbadala na sijui viberiti vya jiko viko wapi. Naomba wewe, kwa utaalamu wako, uipime meza yetu upya na kuiwekea mawe ya mpaka kwenye pembe zake nne. Zaidi ya yote naomba magoli yote ya mwaka huu, narudia, yote, yahakikiwe kwa chuma bila kumwogopa wala kumpendelea mtu. Nimeazima daftari la mwamuzi, ambamo kila goli limeandikwa na umbali wake, nami nitaiandaa orodha mwenyewe na kuiambatanisha hapa ili kuipunguzia kamati kazi.

Nisalimie mama wa nyumbani kwako na watoto wote, hasa yule mkubwa, mwambie daraja la jino lake liko tayari. Msalimie Katibu, na Mweka Hazina, na mlinzi wa ukumbi akiamka. Mwalimu mstaafu msalimie kwa mbali. Kinyozi mwambie nafuga nywele.

Wako katika kila kipimo kilicho sawa,

Fundi wa Meno,
mmiliki, kocha na shabiki pekee wa Vibogoyo.

Nakala: Katibu wa Chama. Kinyozi (asome akiwa ameweka wembe chini).

Tanbihi: Ndugu Mwenyekiti, nimeketi kuandaa ile orodha. Nilianza na magoli yangu mwenyewe, ili kamati ione kwamba sina cha kuficha. Kabla ya fainali Vibogoyo walifunga magoli saba. Yote saba, kwa mujibu wa daftari, yamefikiwa kwenye mwisho kabisa wa kipimo kinachoruhusiwa: dadu sita, kumi na mbili kamili, dadu tano, kumi kamili, na hivyohivyo mpaka la saba. Jicho langu la umbali, kama wateja wangu wanavyoshuhudia kila wanapotafuna, si zuri. Wachezaji wangu siku zote nawapanga nje ya kipimo kwa upana wa ukucha. Kwa hiyo ukileta chuma, halibaki goli hata moja. Tungetolewa Jumamosi, raundi ya kwanza, na fundi baiskeli. Hata lile moja letu la fainali ni kumi na mbili kamili. Magoli mengine ya kinyozi, kwa upande wake, hayana shida yoyote; yako ndani ya kipimo kwa vidole viwili na zaidi. Mkuki kwa nguruwe, Ndugu Mwenyekiti.

Nililichukua daftari nikampelekea mwamuzi kwenye cherehani, nikamwuliza kama alijua kwamba utepe wake umevutika. Hakuinua kichwa. Akasema, "Nilijua, ndiyo maana nikauleta. Miaka minane nafua jezi yako Jumamosi jioni, hata jasho haina. Nilitaka mwaka mmoja tu iende mpaka Jumapili." Halafu akaendelea na pindo lake. Nimeona aibu, na nimefurahi, na sijui kipi kilitangulia.

Kwa hiyo naomba malalamiko yangu yote yafutwe, isipokuwa la tatu, maana upande wa kushoto mpaka leo haujanyolewa. Ningeichana barua hii mimi mwenyewe, lakini nakala ya Katibu ilikwenda asubuhi bila tanbihi. Tafadhali muwahi, huwa anasoma polepole. Ile orodha siiambatanishi tena. Kombe libaki kwa kinyozi. Mwakani naomba mwamuzi awe huyohuyo, aje na utepe wake uleule, na tepu ya chuma ya chama ifungiwe kabatini mahali pa usalama, na ufunguo upotee.