Pilipili, Kamba na Tembo wa Kasekese

Jumatatu, 11 Mei
Tembo wametoka msituni. Wameonekana huku kwetu Kasekese, ng'ambo ya mto. Na mahindi yangu ndiyo kwanza yanakaukia shambani, chakula chetu cha mwaka mzima! Imakulata, mke wangu, amesema mwanaume analala shambani kwenye dungu, anapiga debe. Nimemwambia mgongo unauma. Hauumi. Naogopa. Tembo ana pembe, mimi nina debe.

Jirani yangu Machibya amezungushia shamba lake kamba na matambara, kapaka pilipili kichaa iliyosagwa kwenye oili chafu ya pikipiki. Tembo akinusa, anageuza njia. Nitafanya hivyo hivyo, ila kwa maji. Oili mpaka uifuate kwa mafundi, halafu inanuka. Maji si yapo tu kisimani?

Jumatano, 13 Mei
Balaa. Pilipili imegoma. Unga umezama chini ya ndoo, maji yamekaa juu kama hayahusiki. Nikakoroga kwa mkono. Kosa! Nimenawa na kunawa, moto uko palepale. Nikajisahau, nikapangusa jicho. Machibya kusikia ukelele akaja mbio na fimbo, akidhani tembo wamefika. Alipoelewa, alicheka mpaka akakaa chini. Eti, we baba Queen, unamfukuza tembo au unajifukuza mwenyewe?

Shemeji Aneth, mdogo wake Imakulata, anafundisha kemia sekondari. Kanipaka mafuta ya kula, moto ukapungua. Kisha likaja somo ambalo sikuliomba. Kwamba molekuli ya maji ina upande wa chaji chanya na upande wa chaji hasi, ndiyo maana maji yanashikana yenyewe kwa yenyewe. Ukali wa pilipili hauna pa kujishikiza humo. Mafuta ndiyo yanaupokea. Chumvi ni habari nyingine: imeundwa na ayoni chanya na hasi, maji yanazivuta mojamoja, inayeyuka. Akamalizia, shemeji, kachukue oili.

Mimi nimesikia chumvi tu.

Alhamisi, 14 Mei
Akili imefunguka! Maji yanaipenda chumvi. Basi chumvi ikiingia, itaivuta na pilipili. Nimemwaga chumvi yote ya jikoni ndooni, nikachovya kamba, nikazungushia shamba. Zimekauka, zinametameta vipunje vyeupe. Sijamwambia mtu.

Ijumaa, 15 Mei
Ng'ombe wa Machibya wamekutwa wakilamba kamba zangu. Wanalamba! Machibya kauliza nimeweka nini. Nikasema dawa. Akagusa kamba, akaonja kidole. Safari hii hakucheka. Akatazama msituni, akasema taratibu kwamba tembo anaitafuta chumvi kuliko hata ng'ombe, nikazitoe kamba upesi.

Nilienda. Nilifika nusu ya njia. Matawi yakaanza kuvunjika ndani ya msitu, kah, kah, na hakukuwa na upepo. Miguu ilirudi nyumbani yenyewe. Nimesukuma meza mlangoni.

Jumamosi, 16 Mei
Walikuja. Nusu ya shamba imelala chini. Kamba zimelambwa hadi zimetakata. Kwa Machibya, hata jani halijaguswa. Imakulata hajanigombeza. Alikuwa anaokota magunzi, kisha akauliza watoto watakula nini wakati wa kupalilia. Afadhali angenigombeza.

Jumapili, 17 Mei
Baada ya ibada Aneth kanieleza kosa. Pilipili ilibaki chini ya ndoo. Kwenye kamba ilipanda chumvi tupu. Eti nimewaandikia tembo mwaliko. Nikauliza, kwa unyenyekevu, kama kuna kitu kinachoyeyuka kwenye maji bila kuwa na hizo ayoni. Akasema kipo, sukari. Molekuli zake zinasambaa majini zikiwa nzima.

Machibya naye kaleta dumu la oili chafu mpaka mlangoni, bure, niokoe nusu iliyobaki. Mtu mwema. Nimeshukuru sana. Linanuka, nimeliweka nyuma ya choo.

Kumbe tatizo lilikuwa ayoni! Nimemwagiza Imakulata sukari, mfuko mkubwa. Ameuliza kama kuna wageni wanakuja.