Mkwe Msiri Kuliko Wote

Jumapili, 2 Machi
Mwanyumba tena! Mimi na yeye tumeoa ndugu, lakini ukimsikiliza mama mkwe utadhani ana mkwe mmoja tu. Leo chakula kizima ni sifa zake. Eti kamhamisha mama kutoka baruapepe ya yale makampuni makubwa yanayochungulia barua za watu. Kampeleka kwenye sanduku la siri, ambalo hata wenye kampuni hawawezi kulifungua. Mama anasema sasa analala usingizi. Mke wangu akanikonyeza nisinune. Nilinuna.

Na Jumamosi mama anaagwa kazini, baada ya uuguzi wa maisha yake yote. Mkwe mmoja atasimama kusema kwa niaba ya familia. Nani, bado hajasema. Asije akawa yule!

Jumatatu, 3 Machi
Dawa ya moto ni moto. Yeye kahama baruapepe tu. Mimi nimehama kila kitu: barua, ramani, picha, hata programu ya soga. Nimefunga duka langu la vioo na fremu za picha mapema. Wateja wakagonga, nikajifanya sipo. Sanduku jipya likataka neno la siri refu, lisiloweza kubahatishwa. Kwa hasira niliyokuwa nayo lilikuja lenyewe: tusi refu, tamu, juu ya mwanyumba na kipara chake. Wenye sanduku wakanipa na maneno ya akiba niyaandike pembeni, maana nikisahau, wao hawana ufunguo mwingine. Mwanyumba ya kwake kayafungia kabatini. Mwoga! Mimi sikuandika kitu. Nikamtumia mama anwani mpya, nikaifuta ya zamani.

Jumatano, 5 Machi
Halifunguki! Nimeandika kipara kama sufuria. Wapi! Kipara kama kioo. Wapi! Shida ni kwamba mtu huyu nimemtukana kwa namna nyingi mno.

Soga mpya nayo kimya. Ndugu na wateja wote wamebaki kule nilikotoka. Huku nina mtu mmoja tu, aliyejiunga jana. Mwanyumba! Kanitumia picha ya jua linalocheka.

Alhamisi, 6 Machi
Maji yamenifika shingoni. Nimemwita mwanyumba dukani. Kaketi katikati ya vioo, mpole, akauliza neno lilihusu nini. Jina la mtoto? Siku ya ndoa? Nikasema ni jambo la moyoni. Akasema nimwambie tu lilivyoanza, tukumbuke pamoja. Nikakohoa. Basi akageukia ukutani ili niandike kwa uhuru. Nikajaribu tusi baada ya tusi, jasho likinitoka, kipara chenyewe kikinimetea pale pale. Wapi! Akanishika bega, akaniambia pole sana ndugu yangu. Hiyo pole ndiyo iliyoniudhi kuliko yote.

Jumamosi, 8 Machi
Ramani yangu mpya, isiyomfuatilia mtu, haikuijua barabara ya ukumbini. Ikanifikisha nyuma ya kiwanda cha magodoro. Naingia ukumbini, mwanyumba kashika kipaza sauti! Na anasema vizuri, mshenzi yule. Wauguzi wanalia. Kwa wivu nikairudisha soda bila kuifungua.

Baadaye mama akanivuta kando, akauliza kwa nini sikumjibu. Alikuwa amenichagua mimi. Tena zamani, kabla ya habari za masanduku, kwa sababu mimi ndiye mkwe anayemchekesha. Aliniandikia kwa siri, kwenye lile sanduku langu jipya, ili mwenzangu asiumie. Akangoja, akangoja, akaona nimekataa. Jana ndipo alipomwomba yule. Nilitaka kulia kweli.

Jumapili, 9 Machi
Bado nina bahati! Binti wa mwisho wa mama mkwe anaolewa mwezi ujao, na mama kaapa msemaji ni mimi. Ila barua hazitaki tena. Kesho atanipigia simu anieleze, nami niipokee mwenyewe. Nisipopokea, anampa mwenzangu. Nikamwambia: usiwe na wasiwasi, mama.

Hatujamaliza chakula, mwanyumba akatoa mfukoni kisimu cha vibonye, akakiweka mezani. Eti ameachana na simu janja kabisa, hataki kufuatiliwa. Mama mkwe akapiga makofi. Makofi!

Vibonye ni kazi ya nusunusu. Yangu nimempa kinyozi jioni hii hii, pamoja na laini na chaja. Sasa sina simu ya aina yoyote. Mwanyumba atanitambua!